Mpira wa Kawsar Ulikuwa Ndani

Jumamosi asubuhi Mbinya alikuwa akifagia uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu kule Donholm. Alifika kona ya kushoto, akairuka.

Jana, kwenye kona hiyo, mpira wa Kawsar ulikuwa umegusa mstari. Mechi zao hazina refa. Kila mchezaji husema mwenyewe kama mpira ulioanguka upande wake umeingia au umetoka. Mbinya aliisugua kwa kiatu alama ambayo mpira uliiacha kwenye udongo, akainua kidole, akasema, "Nje." Kawsar alipokuja kuangalia, hapakuwa na kitu. Hakubishana. Mechi ikaishia hapo, na nafasi ya kwenda mashindano ya Nakuru ikawa ya Mbinya.

"Niaje, bingwa wa Nakuru," Mulama, mwenzake wa mazoezi, alimtania akitua kapu la mipira. "Mbona unafagia kama umefiwa?"

"Niache, Mulama."

Kocha Nerima akaingia akichechemea. Zamani tenisi ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alizunguka nchi kumi na tatu akijibebea mabegi, mpaka goti likakataa.

"Kawsar haji," alisema. "Amenipigia. Anasema ameacha tenisi."

Mbinya aliweka ufagio chini. Alingoja Mulama aende kufunga wavu.

"Kocha, ule mpira wa mwisho ulikuwa ndani. Nilifuta alama."

Kocha alikaa kwenye benchi, akanyoosha mguu.

"Hata mimi niliwahi kufuta," alisema. "Huko Tunis, mwaka wangu wa pili. Nilishinda. Mechi nyingi nimeshazisahau, lakini uso wa yule msichana sijausahau. Sikumtafuta."

Kocha akatoa simu mfukoni.

"Nafasi ni ya Kawsar. Nitampigia babake sasa hivi. Lakini yale ya kiatu utamwambia wewe."

"Na asiponisamehe?"

"Hiyo ni haki yake, mwanangu. Ukikosea mtu, unamwambia ukweli kwa sababu ni wake, si ili akusamehe."

Nyumbani, Mbinya aliomba simu ya mamake. Aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Kawsar, ni Mbinya. Mpira wako ulikuwa ndani. Nilisugua alama kwa kiatu nikijua. Nakuru ni yako. Usiache tenisi kwa sababu yangu. Pole."

Akautuma ujumbe. Punde akaona Kawsar ameusoma.

Walikula, wakaosha vyombo.

"Amejibu huyo rafiki yako?" mamake aliuliza.

Mbinya akaangalia tena.

"Bado, mama."