Chande Apiga Hodi

Tunu aliishi kwenye nyumba yenye milango minne na uwanja mmoja. Mdogo wake aliitwa Chande, mwenye miaka miwili na vishimo mashavuni.

Chande alikuwa bingwa wa kupiga hodi. Kila asubuhi alivaa ndala za baba, akapita kwa majirani, mlango kwa mlango. Pata, pata, pata!

"Hodi, hodi!"
"Karibu, Chande! Onja kidogo."

Kwa Bi Sikudhani alionja andazi. Kwa Babu Kibwana alionja biskuti. Kwa Mama Atupele alionja chipsi, tena na tena.

Ikafika saa ya poti. Hapo sasa!

"Mmmm!" Chande akasukuma.
"Mmmm!"
Wapi! Hakuna kitu.

Tumbo likawa gumu, likauma. Chande akalia. Tunu naye akalia, maana alimpenda sana.

Mama akawapeleka kliniki. Nesi akalibonyeza tumbo taratibu.

"Papai, mchicha, maharage na maji," akasema. "Kila siku, mama. Si leo tu."

Mama akamenya papai. Chande akafunga mdomo.
Mama akapika maharage. Chande akageuza shingo.
"Shiba!" akasema.

Ameshiba nini, na hajala? Tunu akakuna kichwa.

Kesho yake Tunu akamfuata nyuma. Nyatu, nyatu, nyatu!
Akaliona andazi. Akaiona biskuti. Akaziona chipsi.
Kumbe!

"Shikamoo, Bibi," Tunu akasema. "Naomba Chande asile maandazi. Tumbo linamuuma."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Bi Sikudhani. "Jamani! Nilidhani ni mimi peke yangu ninayemwonjesha!"

"Hata mimi!" akasema Babu Kibwana dirishani.
"Na mimi!" akaitikia Mama Atupele jikoni.

Babu akainama kwa huzuni. "Sasa akipiga hodi, tumnyime?"

"Hapana, Babu," Tunu akasema. "Hodi ibaki. Tubadilishe vya kuonja."

Tunu akapeleka papai mlango wa kwanza. Akapeleka kikombe cha maji mlango wa pili. Akapeleka bakuli la maharage na mchicha mlango wa tatu.

Pata, pata, pata!
"Hodi, hodi!"
"Karibu, Chande! Onja kidogo."

Papai. Nyam!
Maji. Gugu, gugu, gugu!
Maharage na mchicha. Nyam, nyam!
Mdomo haukufungwa hata mara moja.

Siku ya kwanza, kwenye poti:
"Mmmm!" Wapi!
Siku ya pili:
"Mmmm!" Wapi!
Tunu akaingiwa na wasiwasi.

Siku ya tatu:
"Mm..."
Pu!

"Tayari!" akasema Chande.

Milango yote ikafunguka. Bi Sikudhani akapiga vigelegele. Mama Atupele akapiga sufuria. Babu Kibwana akacheza na fimbo yake. Chande akashangaa, maana hakujua poti ina sherehe.

Tangu siku hiyo, wanampa vionjo hivyohivyo. Na akisahau maji, Babu humkumbusha.

Jioni moja Tunu akapanda kitandani. Nje ya chandarua akasikia ndala. Pata, pata, pata!

"Hodi, hodi!"
"Karibu, Chande."

Chande akafumbua kiganja. Ndani mlikuwa na kipande cha papai, kimepondeka, kina joto.

"Onja dogo," akasema.

Tunu akaonja. Kisha akamkumbatia, tumbo lake laini, wakalala.