Zamu ya Mungu wa Plasta

Dadu ilikuwa na mate.

Fundi aliiokota Jumatatu jioni alipokuwa akisogeza vitu vya mchezo pembeni mwa meza ili waandae chakula, na uzi mweupe ukavutika kutoka kwenye dadu hadi kwenye mbao. Akaufuta kwa kitambaa. Akainusa dadu, akajuta kuinusa. Ilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala na njaa siku nyingi.

"Wewe!" alimwita mumewe aliyekuwa chumbani. "Umeanza kulamba dadu sasa?"

"Mimi nazipuliza tu. Kupuliza si kulamba."

"Basi ulipuliza na mchuzi."

Mumewe alicheka. Hakucheka tena juma lile.

Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kutengeneza meno bandia, na kila mtu alimwita Fundi. Mumewe alitangaza mpira redioni. Mdomo ndio uliokuwa jembe lake. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walikaa kwenye meza ile na marafiki wawili, Nesi na fundi umeme aliyeitwa Waya, wakacheza mchezo wa masimulizi. Kila mchezaji alikuwa shujaa katika nchi ya kubuni, na dadu ndiyo iliyoamua kama upanga umepata au umekosa. Fundi alikuwa msimulizi. Aliwaeleza wanachokiona, aliwasemea maadui wote, na neno lake ndilo lililokuwa sheria.

Mwaka huo mashujaa walifika kwa miungu. Fundi alikuwa na msimamo wake: mungu hapigwi kama jambazi wa njiani. "Mkimhesabia uhai mkaupunguza pigo kwa pigo," aliwaambia, "hamjapigana na mungu, mmechinja ng'ombe mkubwa." Kwa hiyo mungu wake alipigwa kwa awamu. Akishindwa, anavua mwili na kuja na mwingine mbaya zaidi. Mwili wa tatu ulikuwa kinywa peke yake.

Sanamu ya kinywa ilihitaji kalibu, na karakana ya Fundi ilikuwa na kalibu ya kinywa cha mumewe, aliyoichukua siku alipomrekebishia jino lililomeguka. Hakufikiri mara mbili. Alimimina plasta, akapaka rangi fizi, akaweka mungu wake katikati ya meza.

"Kinywa hiki nakijua," Waya alisema. "Kinatangaza goli hata mpira ukigonga mwamba."

"Wivu tu, bwana," alijibu mume wa Fundi. "Chako hata nyumbani hakisikilizwi."

Jumapili, siku moja kabla ya dadu ile kuokotwa, walikuwa wamefika pabaya, kinywa kimefunguka, zamu ya kushambulia ni ya mungu, ndipo simu ya Nesi ilipolia. Alitakiwa wodini.

"Tuishie hapa," alisema Fundi. "Zamu yake itangoja."

Wachezaji wa mchezo huu hukatiza vita kila mara. Hakuna aliyewahi kujiuliza yule ambaye zamu yake imefika anafanya nini juma zima.

Jumanne asubuhi mumewe alimwomba amtazame kaakaa, kuna kitu kinamkwaruza ulimi. Fundi alichukua kioo chake cha kazini na tochi. Katikati ya kaakaa, mahali ambapo jino halioti, gego lilikuwa limetokeza. Halikuwa jeupe. Lilikuwa na rangi ya ukucha wa mguu, na pembeni mwake kulikuwa na utando wa maziwa yaliyoganda, ingawa mumewe hakuwa amekunywa maziwa.

Daktari wa meno aliling'oa. Kesho yake yalikuwa mawili. Chini ya ulimi palikuwa na unywele. Fundi aliushika kwa koleo akavuta, ukaja, ukaendelea kuja, mweusi, umelowa makohozi, hadi mumewe akampiga mkono kwa maumivu, na wote wawili wakakaa sakafuni bafuni bila kutazamana, kwa sababu Fundi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameingiza vidole katika vinywa vya watu wenye majipu na usaha bila kukunja uso, alikuwa amehisi kinyaa kwa mume wake, na mumewe alikiona.

"Usinibusu," alisema.

"Sikuwa na nia," alijibu Fundi. Wangeweza kucheka hapo. Hawakucheka.

Alhamisi mumewe alitangaza mechi. Kipindi cha kwanza kilikwenda salama. Kona ilipopigwa dakika za mwisho, wasikilizaji walisikia mtu akimeza kitu kikubwa kibichi, kisha sauti isiyo ya mtangazaji wao, ya taratibu, inasema: "Zamu yangu." Mkuu wa kituo alimrudisha nyumbani. Likitokea tena, alimwambia, asirudi.

Ijumaa, Nesi ndiye aliyemleta mtoa majini, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa mkononi na miwani ya kusomea.

"Usiniangalie hivyo, dada," Nesi alimnong'oneza Fundi mlangoni. "Hospitali nimeiuliza. Imenijibu kwa dawa ya kusukutua."

Mtoa majini hakufukiza wala hakupiga kelele. Alimtazama mume wa Fundi kinywani, akafunga pua kwa mtandio, kisha akatazama sanamu juu ya meza. Plasta ilikuwa imelowa. Fizi alizozipaka Fundi kwa brashi zilikuwa zikivuja kitu cheupe kilichochanganyika na damu, na harufu yake ilifika hadi jikoni.

"Mnamwitaje huyu?"

"Mungu," alisema Waya, akaona haya. "Mungu wa mchezo, mama. Wa kubuni."

"Hapa hakuna mungu. Mlijenga kiti cha enzi, mkakiacha wazi, jini likapita likakaa. Hata ningekuwa mimi ningekaa." Akamgeukia Fundi. "Kinywa hiki ni cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Ulimwomba?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Na huyu wa kwenye kiti, nani humsemea?"

"Mimi."

"Kwenye mchezo wenu mtu hutokaje vitani?"

"Auawe. Au apite zamu yake mbele ya wote bila kushambulia. Anayepita ametoka, harudi."

"Mkilitoa kwa nguvu litaondoka na taya la mumeo," alisema mtoa majini kwa sauti ya chini. "Lipite lenyewe, kwa ulimi wa anayelisemea. Sheria ni zenu. Limezikubali lilipokaa."

Wakakaa kila mtu mahali pake, mchana mweupe, mapazia wazi, magari yakipita barabarani. Fundi akaweka mikono mezani, akasema kama alivyosema kila Jumapili: "Sasa ni zamu ya mungu." Kisha akabadili sauti ili amsemee.

Mumewe aliinama mbele akakohoa mara moja, kwa nguvu, kama aliyekabwa na mfupa, na papo hapo Fundi akahisi kinywa chake mwenyewe kinajaa, kwanza maji ya uvuguvugu yenye ladha ya chumvi na nyama iliyolala, halafu nywele, zikijisokota nyuma ya ulimi, halafu meno, meno madogo yasiyo na mizizi yakigongana na yake, yakijipanga, yakitafuta pa kukaa, na ulimi wake ukashikwa katikati ya yote hayo, haukuweza kwenda juu wala chini, na neno alilotakiwa kulisema, neno moja jepesi, halikuwa na pa kupita.

"Tema!" alilia Nesi, akimsogezea beseni. "Tema, dada, tema!"

"Akitema linarudi kwa mwenye kinywa," alisema mtoa majini.

Fundi alimtazama mumewe. Alikuwa amejishika shavu, ute umemning'inia kidevuni, na machoni mwake hapakuwa na mtangazaji, palikuwa na mtu aliyeogopa kuchukiwa. Kutema ilikuwa njia moja. Kukaa hivyo hadi apasuke ilikuwa ya pili. Kulikuwa na ya tatu, na mwili wake wote uliikataa, lakini akafumba macho, akainua kidevu, akameza. Meno yalikwaruza yakishuka. Nywele ziliendelea kushuka muda mrefu baada ya meno. Alipopata nafasi ya upana wa neno, alilisema kwa sauti ile isiyo yake, mbele ya wote.

"Napita."

Harufu ilikatika. Nesi alimulika kinywa cha shemeji yake kwa tochi, akakagua juu na chini, akaanza kulia. Kaakaa lilikuwa safi.

"Sema kitu," Waya alimwambia. "Chochote, bwana."

"Goli," alisema mumewe, na sauti ilikuwa yake.

Walikumbatiana wote. Mtoa majini alikusanya mkoba wake. Aliwapa mkono mmoja mmoja, isipokuwa Fundi. Kwake aliinamisha kichwa tu, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

Jumapili mumewe alipika mwenyewe. Kesho yake alikuwa anarudi redioni. Alimpakulia mkewe, akakaa karibu naye kuliko kawaida, akamwekea mkono begani.

"Kula, mke wangu. Tangu juzi hujala."

"Sina njaa."

"Unanidanganya. Si nakusikia unatafuna?"

Fundi alitazama sahani yake, ambayo hakuwa ameigusa. Alikuwa amefumba mdomo. Chini ya mbavu, taratibu, bila haraka yoyote, kitu kilikuwa kinakula.