Jino Lililokosekana kwenye Kitana

Picha iliibwa na ukuta haukubaki mtupu. Hilo lilimkera Mkaguzi Kuwabara tangu alipovua viatu mlangoni mwa karakana ya Hatanaka, hapa Kyoto, asubuhi ya mvua za Juni. Yeye humwogopa mwizi mstaarabu kuliko mwizi mchafu.

Ukutani alikuwapo mwanamke wa zamani akichana nywele kwa kitana cha mbao. Alikuwa mzuri kweli, na alikuwa wa uongo. Picha halisi, chapa ya mbao ya karne mbili, ilikuwa fahari ya nyumba hii. Jana watu wa jumba la makumbusho walikuja kuiazima. Mtaalamu wao aliigeuza, akakagua mgongo wake, akakunja uso. Chapa hutolewa kwa kulaza karatasi juu ya ubao wenye rangi na kuisugua kwa nyuma, na msuguo huo huacha alama. Mgongo wa karatasi hii ulikuwa laini. Picha ilikuwa imechorwa kwa brashi.

"Nani hapa anaweza kuchora hivi?" Kuwabara aliuliza.

Watu watatu walikuwa wameketi juu ya mikeka. Mzee Hatanaka Seigo, mwenye karakana, ametumia maisha yake yote kuchora kwa mkono nakala za chapa za kale na kuziuza kama nakala. Kando yake alikuwapo mpwa wake Kippei, na nyuma yao Fumiyo, mwanafunzi wa mzee kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Sisi watatu, afande," alijibu Kippei. "Au tuseme wawili na nusu. Mimi bado najifunza."

"Bado unajifunza, na Jumapili unatawazwa?" alidakia Sajini Nomiya, ambaye ulimi wake hauna breki. "Kadi za mwaliko nimeziona pale mlangoni."

Kippei akawa mwekundu. Katika kazi hii mwalimu humrithisha mwanafunzi jina lake la usanii, na anayepewa jina ndiye anayepewa nyumba. Kwa desturi hupewa aliyelisotea. Fumiyo alimimina chai bila kumwaga hata tone.

Alama za vidole hazikusaidia. Kwenye fremu zilikuwapo za wote watatu, maana wote huifuta vumbi. Kufuli halikuvunjwa. Kuwabara akamgeukia kijana.

"Funguo za usiku anakaa nazo nani?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya, Mjomba aliponitangaza."

"Ulikuwa unajifunza kuchora picha gani?"

Kippei alielekeza kidole ukutani. "Hiyo hiyo, kwa kuiga fotografia yake. Lakini sikuiba, afande! Naibaje kitu ambacho kitakuwa changu Jumapili?"

"Wako wasiopenda kusubiri. Utakuja nasi kituoni kuandika maelezo."

Kijana alimtazama mjomba wake. Mzee alikuwa anaangalia kikombe chake. Mtu aliyemwita mrithi wake mbele ya mji mzima hakumtetea hata kwa neno moja, na Kuwabara aliona hilo likamchoma rohoni.

"Kabla hatujaondoka," alisema, "nileteeni nakala zote za mwanamke huyu zilizomo humu ndani."

Alizipanga mkekani. Pembeni aliweka fotografia ya picha halisi, iliyopigwa na jumba la makumbusho miaka ya nyuma. Akapiga magoti na kuinamisha kichwa mpaka Nomiya akamuuliza kama amedondosha lenzi ya jicho.

"Njoo uone kitana, Sajini. Kwenye fotografia meno yote yapo. Kwenye nakala za mzee, jino moja karibu na kidole gumba halipo. Za Fumiyo vilevile."

"Ni sheria ya nyumba," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Kila nakala huachwa na upungufu mmoja, ili asije mtu akaiuza kama ya kweli. Baba yangu alinifundisha hivyo."

"Sheria gani hiyo, Mjomba?" aliuliza Kippei.

Kuwabara akainua nakala za kijana. Vitana vyake vyote vilikuwa na meno kamili. Kisha akamwonyesha Nomiya ile iliyokuwa ukutani. Jino halikuwapo.

"Wewe jina unapewa, sheria hukuambiwa," alimwambia Kippei. "Bahati yako. Aliyechora hii amefundwa barabara. Hata alipokusudia kudanganya, mkono wake ulikataa. Na mzee hana sababu ya kujiibia picha yake." Akageuka. "Dada Fumiyo, picha iko wapi?"

"Nyumbani kwangu, kwenye droo ya kimono za marehemu mama," alisema Fumiyo, na akaweka birika chini. "Sijaiuza, wala sikuitaka."

"Ulitaka nini?"

"Jina." Sauti yake ilipasuka. "Mzee aliniahidi akiwa hospitalini, mimi nikimlisha uji. Niliacha kuolewa kwa ajili ya nyumba hii. Mwaka mpya nikaitwa sebuleni, nikadhani siku yangu imefika. Nikaambiwa niwapakulie wageni, mpwa anatangazwa. Februari nikabadilisha picha. Nilitaka mzee asujudie kazi yangu kila asubuhi bila kujua, yeye aliyesema mkono wangu haujafika."

Mzee Hatanaka aliinua uso. Macho yalimjaa machozi.

"Niliijua siku ile ile, Fumiyo."

"Mjomba," Kippei alisema, "ulijua, na ulikuwa unaniacha nipelekwe kituoni?"

Mzee hakumgeukia. Alikuwa anaongea na mwanafunzi wake tu. "Nilikaa kimya. Nilisema moyoni, mwache aichukue. Mimi nimemnyang'anya jina, yeye amechukua picha. Tumemalizana."

Fumiyo alimgeukia mzee. Chuki haikuwapo usoni mwake, na hilo lilimtisha Kuwabara zaidi.

"Miezi yote hii nilijiambia mzee huyu umri umempita, hajui alichonitenda," alisema. "Ndiyo maana niliweza kukupikia supu kila asubuhi. Kumbe ulijua, ukaipigia hesabu, ukaona inatosha."

Akasimama, akavua aproni yenye madoa ya rangi, akaikunja na kuiweka mapajani mwa Kippei.

"Twende, afande," alisema. "Humu sina mwalimu."