Kiraka cha Hema la Ziwani

Jambo moja halijapata jibu hadi leo: kwa nini walinzi wawili, wa kambi mbili zilizoachana mwendo wa siku nzima, watu wasiowahi kuonana, walimletea mwanamke aliyekuja peke yake vikombe viwili vya chai. Walipoulizwa baadaye, kila mmoja alisema aliona watu wawili wakija njiani. Sura ya wa pili hakuna aliyeikumbuka.

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa mahema. Kazi yake kushona, starehe yake kulala ndani ya alichokishona, na kwa kuwa alitembea na nyumba mgongoni, watu walimwita Kobe. Aliishi na mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kushona na ambaye sasa macho yake yalikuwa yamefifia.

Safari hiyo aliianzia kwenye kambi ya ziwani. Siku ya kwanza tu, jiwe lilitoboa sakafu ya hema lake. Pembeni, chini ya miti, palikuwa na hema kuukuu la turubai la kijani, zipu imefungwa, majani makavu yamelifunika.

"La nani hili?" alimuuliza mlinzi.

"La mtu mmoja aliingia akalala. Hakutoka, na tulipofungua hakuwemo. Liache tu, dada."

Lakini fundi ni fundi. Kitambaa kizuri hakiachi kioze. Mlinzi alipokwenda kuteka maji, Kobe alikata kipande ubavuni mwa hema lile, kadiri ya daftari, akakishona kiraka kwenye sakafu ya hema lake. Sindano ilipita kwa wepesi mno, kana kwamba matundu yalikuwapo tayari.

Kambi ya pili ilikuwa msituni. Mlinzi alikuja na vikombe viwili. "Hiki cha mwenzio."

"Mwenzangu yupi, kaka? Niko peke yangu."

Mlinzi alitazama nyuma yake Kobe, akatabasamu kwa adabu, kama aliyewakuta mke na mume wamenuniana. "Haya, mtamalizana wenyewe."

Jioni alimpigia mama simu. Ndani ya hema palinuka nywele mbichi.

"Nani huyo uko naye?" mama aliuliza. "Mwambie asogee kando. Anapumulia simu, sikusikii vizuri."

Kobe alikata simu, akakesha amekaa.

Kambi ya tatu ilikuwa kilimani, na vikombe viwili vilipoletwa tena hakuuliza kitu. Usiku alilala mbali na kile kiraka, lakini baridi ilipozidi alijikuta amekirudia, kwa sababu hapo tu ndipo palipokuwa na joto, joto la mwili, joto la mtu aliyelala chali chini ya sakafu, uso wake umeelekea juu, pumzi yake ikiingia Kobe anapotoa na kutoka Kobe anapovuta, mpaka Kobe akabana pumzi kabisa ili asikilize, na yule wa chini naye akabana, kisha akanong'ona kwa sauti ya Kobe mwenyewe: "Tukifika nyumbani nitangulie mimi. Mama haoni. Atanifungulia."

Kulipopambazuka alilitupa hema bondeni. Aliposhuka garini karibu na kwao, lilikuwa mgongoni, limekunjwa vizuri kuliko akunjavyo yeye.

Hakuingia ndani. Alisimama dirishani. "Mama, usifungue mlango, hata ukisikia ni mimi nabisha!"

"Mlango umebishwa hodi tangu alfajiri," mama alijibu kwa sauti ya chini. "Nikakataa. Wewe tangu utoto hubishi, unasukuma tu kama mbuzi."

Hapo Kobe akalia.

Mtabibu wa mtaa aliitwa. Alikinusa kiraka, akafuta pua. "Hukukata kitambaa, binti. Umekata ukuta wa nyumba ya jini, naye amefuata ukuta wake. Kirudishwe palepale, kishonwe kwa ndani, na mlango nao ushonwe kwa ndani, ili naye abaki huko."

"Na anayeshona atatokaje?"

Mtabibu alifunga mkoba wake. "Hilo sina dawa yake."

"Nimekata mimi, nitashona mimi," Kobe alisema. "Kesho asubuhi."

"Sawa, mwanangu," mama alisema. "Leo lala kwanza, macho yamekuwa kama makaa."

Alilala barazani kama gogo. Hakuna aliyepumua kando yake. Aliamka jua likiwa utosini, akakuta hema limetandazwa uani, sakafu ina tundu la mraba, nyuzi zote zimefumuliwa moja moja kwa vidole. Kopo la sindano halikuwepo. Jirani yao dereva alisema amempeleka mama yake Kobe ziwani tangu alfajiri, na njia nzima alikuwa akimsemesha mtu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

Kobe alifika ziwani jioni. Hema la kijani lilikuwa zima ubavuni. Mshono ulikuwa wa mama, mfupi, umebana, usiohitaji macho. Alikimbilia mlangoni, akakuta nao umeshonwa kutoka chini hadi juu. Akainua mkasi.

"Usikate, mwanangu," mama alisema kutoka ndani. "Amelala."

Mkasi ukamponyoka. Ilikuwa imeamuliwa kiraka kirudi na mlango ushonwe. Mama alikuwa ameyatimiza yote mawili, na fundo la mwisho lilikuwa upande wake, ndani.