Chungu cha Nyuma ya Gari

Kila asubuhi Francisca huwasha moto, huinjika uji, halafu huusahau. Si mvivu. Ana tabia ya kuota akiwa macho. Mwiko uko mkononi, mawazo yako mbali. Uji unapanda, unamwagika, na binti yake Yolanda anapiga kelele.

"Mama! Uji huo!"

"Nauona."

"Huuoni. Unaangalia ukuta."

Siku hizo Francisca aliota kitu kimoja tu: gari la chakula. Mumewe Zeferino alikuwa na kirikuu, gari dogo la mizigo, alilobebea magunia ya korosho kutoka Nanyamba. Msimu ulipokwisha, gari lilikaa bure uani. Francisca akaliomba. Fundi akakata dirisha pana ubavuni, akaweka meza ya bati na jiko la gesi. Bwana afya akaja kulikagua. Francisca mwenyewe akaenda kupimwa, maana anayeuza chakula lazima apimwe afya. Akapata kibali cha kuegesha Chikongola, mjini Mtwara, pembeni mwa soko.

Zeferino alikuwa na sharti moja.

"Msimu ujao ukianza, kama gari halijilishi lenyewe, naziba dirisha. Linarudi kwenye magunia. Sitaki maneno."

"Hutapata maneno, Baba Yolanda. Utapata chakula."

Chakula gani? Hapo Francisca hakuwa na shaka. Kwenye simu alikuwa ameona magari ya chakula ya miji ya mbali. Yalikuwa na taa za rangi, na watu walikula wamesimama, wakicheka. Mikate ilikuwa imejaa nyama hadi haifungi. Akifumba macho, aliziona taa zile zikielea juu ya Chikongola kama vimulimuli. Akamwita mchoraji, akamwambia aandike ubavuni: baga, piza, shawarma, biriani, pilau, chipsi mayai, tambi, supu.

"Mama, gari limejaa," mchoraji alisema.

"Basi punguza herufi. Vyakula usipunguze."

Kazi ikaanza, na haikwenda vizuri. Mteja mmoja alitaka piza, mwingine shawarma, wa tatu tambi. Jiko la gesi lilikuwa na sehemu mbili tu za moto. Huku kukiiva, kule kunaungua. Mikate ya baga ilikauka kabla ya kupata mnunuzi. Nyama ilinunuliwa kwa ajili ya vyakula vinane, ikaharibika kwa kukosa walaji. Innocent, kijana wa bodaboda anayeegesha hapo karibu, alionja biriani, akatafuna polepole.

"Mama, samahani. Hii ni biriani, au ni pilau inaumwa?"

Vijana wa bodaboda wakacheka. Francisca naye akacheka. Dirisha lilipofungwa, akafuta machozi kwa kanga.

Ikifika adhuhuri, njaa ilimshika. Baga hakuitaka. Nyuma ya gari aliweka jiko la mkaa na kupika chakula chake. Kilikuwa kisamvu, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kitunguu saumu. Alikipika na karanga, tui la nazi na kaa. Upande wa pili wa mto Ruvuma, huko Msumbiji kwa akina mama yake, wanakiita matapa. Alikila kwa ugali wa muhogo.

Harufu ya chungu kile ilikuwa ikitembea. Ilipita chini ya gari, ikavuka barabara, ikaingia kwenye vibanda vya cherehani. Innocent akaja akiifuata.

"Mama, huku nyuma kunanukia nini?"

"Chakula changu."

"Na mimi je?"

"Karibu. Nawa mikono."

Akampakulia. Innocent akatoa pesa mfukoni. Francisca akashtuka kama aliyetukanwa.

"Rudisha hiyo! Kisamvu nikuuzie?"

Francisca alikulia Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma. Kwao kisamvu hakiuzwi. Majani yako shambani. Asiye nayo huomba kwa jirani. Anayepita na kukuta mnakula hukaribishwa, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Kumtoza mtu huyo ni sawa na kumtoza kwa kukaa kivulini.

Kesho yake Innocent alikuja na wenzake. Wakaja wapagazi wa sokoni. Wakaja akina mama wa cherehani. Francisca akabadilisha chungu, akaleta kikubwa. Watu walikula kimya, kama wako ndani ya usingizi mzuri. Mpagazi mmoja alifumba macho na kijiko mdomoni.

"Nimeona shamba la bibi yangu kule kijijini Ziwani," alisema. "Hadi mbuzi wake nimemwona."

Francisca alijiegemeza kwenye gari na kuwatazama. Mvuke ulipanda, sura zao zikafifia ndani yake. Kwa muda huo mfupi hakukumbuka sharti la Zeferino.

Kisha watu wakaanza kupungua. Mama mmoja wa cherehani hakuja. Mpagazi hakuja. Innocent alipita upande wa pili wa barabara akiangalia mbele, kama hamjui. Chungu kikabaki kimejaa. Mbele ya gari baga hazikununuliwa. Nyuma kisamvu cha bure hakikuliwa.

Wakati huo mikorosho ilikuwa imechanua. Upepo wa bara ulileta harufu ya maua yake hadi mjini, tamu na nzito. Francisca alipoisikia akaanza kuhesabu siku. Maua yakishatoka, korosho haziko mbali. Zeferino alikuja na fundi. Fundi akapima upana wa dirisha, ili akate bati la kuliziba.

Roshan aliyaona hayo yote kutoka dukani kwake, ng'ambo ya barabara. Ukoo wake una maduka tangu zamani, Mikindani na Mtwara mjini. Anauza viungo, karanga na choroko, na mtaa mzima humwita Mama Naveed. Zeferino na fundi walipoondoka, akavuka barabara.

"Mama Yolanda, mbele unapika usichokijua, kinatupwa. Nyuma unapika unachokijua, unagawa. Hiyo ni biashara ya nchi gani?"

"Mama Naveed, kile cha nyuma si cha kuuza. Kile ni chakula tu."

"Na baga ni nini? Kiatu?"

Francisca akacheka bila kutaka. "Mama yangu akisikia nauza kisamvu atasema nimekuwa mchoyo. Na hata ningeuza, nani atanunua? Hata cha bure wamekichoka."

"Umewauliza?"

"Sijawauliza."

Roshan akageuka, akapaza sauti. "Innocent! Njoo hapa. Acha kujificha nyuma ya pikipiki, nakuona!"

Innocent akaja polepole.

"Mbona siku hizi huli kwa Mama Yolanda?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Naona haya."

"Haya ya nini?"

"Mimi ni mtu mzima, nina kazi. Kila siku nakula chakula cha mama wa watu bure. Siku ya kwanza nilitoa pesa, akafoka. Ningefanyaje? Nikaona bora nipite upande wa pili. Na wenzangu hivyo hivyo."

"Kwa hiyo hukukichoka?" Francisca aliuliza.

"Nikichoke! Mama, jana nimekiota."

Francisca akaketi juu ya kreti la soda. Alidhani amefungua mlango, kumbe ukarimu wake mwenyewe ndio ulioufunga.

"Sikiliza," Roshan alisema. "Bibi yangu alikuwa akipeleka bakuli la chakula kwa jirani. Bakuli lilirudi na kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Nyumbani ni hivyo. Unatoa, siku moja nawe unapewa. Lakini huyu wa barabarani atakurudishia nini? Hana jiko hapa. Ana pesa tu. Ukiikataa, unamrudisha na mzigo wa aibu. Kwako endelea kugawa. Hapa uza."

"Niuze kisamvu tu?"

"Nijibu wewe. Nani anapita hapa?"

Francisca akafikiri. "Wapagazi. Bodaboda. Washonaji."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri. Wana njaa kweli, na hawana muda wa kusubiri piza."

"Kitu gani kinapatikana hapa hapa, kila siku, kikiwa kibichi?"

"Muhogo. Majani yake. Nazi, karanga, kaa, samaki."

"Na mikono yako inajua nini?"

Francisca aligeukia nyuma ya gari. Alikiangalia chungu.

"Umeshachagua," Roshan alisema. "Vyakula vichache vinatosha. Mboga moja, kitoweo kimoja, ugali na wali. Utanunua kidogo, utapika vizuri, hutatupa. Lakini usafi usicheze nao. Kisamvu unakipikaje?"

"Nakitwanga kilainike kabisa. Nakichemsha sana, chungu kikiwa wazi."

"Ndivyo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na anayeharakisha anaumiza watu. Karanga yenye ukungu usiipike, hata ukiichemsha siku nzima sumu haitoki. Ukiiona kwangu, nirudishie. Na tui huchacha upesi kwa joto hili. Pika kidogo kidogo, chungu kikae motoni hadi kiishe. Cha leo usikiuze kesho."

Siku iliyofuata mchoraji alirudi. Alipaka rangi juu ya vyakula vyote vinane. Akaandika kwa herufi kubwa: Matapa. Chini yake: Samaki wa kukaanga. Ugali wa muhogo. Wali.

Adhuhuri Innocent alisimama mbele ya dirisha. Francisca akapakua. Midomo ilikuwa mizito. Akataja bei kwa sauti ndogo, macho kwenye mwiko.

"Sijasikia, Mama."

Akarudia kwa sauti. Innocent akalipa, akapokea sahani, na mabega yake yakashuka kama aliyetua gunia.

"Sasa naweza kudai," alisema. "Ongeza kaa, huyo mdogo sana."

Wapagazi walirudi, na akina mama wa cherehani wakarudi. Nyumbani jirani aliyegonga na bakuli bado alijaziwa. Wateja walipoongezeka, Francisca alianza kununua majani ya muhogo kwa wakulima wa Ziwani, na Yolanda akajifunza kutwanga.

Korosho za kwanza zilipoanguka, Zeferino alifika Chikongola na fundi, bati begani. Alikuta watu wamejipanga toka dirishani hadi kwenye pikipiki.

"Nimekuja kuchukua gari," alisema.

Mpagazi akageuka. "Mzee, nyuma. Sote tuna njaa."

Zeferino akaenda nyuma. Fundi akalilaza bati chini, naye akajipanga. Zamu yao ilipofika, Francisca akataja bei bila kupepesa macho.

"Hata mimi, Mama Yolanda?"

"Nyumbani ni bure, Baba Yolanda. Hapa ni gari."

Akalipa. Akala akiwa amesimama, mvuke ukimpanda usoni. Tonge la kwanza, la pili. Watu wa nyuma yake wakaanza kusukumana. Hakuwajali.

"Magunia nitakodi gari lingine," alisema mwishowe, akaisogeza sahani dirishani. "Niongeze, na pilipili iwe nyingi."