Ute wa Jongoo Bahari

Mimi ni mtu wa kinyaa na wala sifichi. Lakini mwenye shida hachagui kazi, na yangu ilikuwa kuosha miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia pale ufukweni, kila kimoja kimeloa mate na makamasi ya watu nisiowajua. Mdogo wangu wa kiume, tuliyemwita Mbizi, ndiye aliyewapeleka wageni kutazama samaki kwenye matumbawe. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya mtu yeyote pale, na nyumba nzima tulikula kwa macho hayo.

Siku hiyo maji yalikuwa yametulia. Walikuja mtu na mkewe. Mbizi akafanya kama wafanyavyo wazamiaji wote: akatema mate ndani ya miwani yake, akasugua kioo kisishike ukungu. Yule mama akakunja uso.

"Jamani, uchafu gani huo!"

"Mate huyataki, mama? Ngoja basi nikuonyeshe dawa nyingine."

Mzaha haukuwa ukimwisha kinywani. Akainama kwenye maji ya magotini, akaokota jongoo bahari mweusi, mnene, mlaini kama utumbo mbichi. Akamminya. Jongoo akatapika matumbo yake yote, nyuzi nyeupe zinazonata, mkononi mwa Mbizi. Naye akaupaka ute ule kwenye kioo, akavaa, akazama huku wageni wakicheka. Mimi niligeuka nisione.

Hakukaa chini sana. Aliibuka akipiga kelele, ameshika upande wa kulia wa miwani.

"Dada, jicho! Jicho langu!"

Nilimvua miwani. Upande ule ulikuwa umejaa ute pomoni, nao ulikuwa unapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala.

Hospitalini daktari aliosha jicho, akalifunga bandeji, akasema tusubiri, huenda likapona. Mbizi alinishika mkono kwa nguvu.

"Nikipofuka tutakula nini, dada?"

"Hupofuki," nikamwambia. Sikuamini hata neno moja.

Siku ya kufungua, daktari aliniomba nikinge mkono chini ya bandeji. Harufu ilitangulia, ya samaki aliyesahauliwa juani. Kisha zikaja nyuzi nyeupe, zikivutika. Kisha kitu kikaniangukia kiganjani. Kilikuwa cha uvuguvugu. Kiliteleza.

Lilikuwa jicho. Zima, bila tone la damu.

Daktari alirudi nyuma hadi ukutani. Mimi nilitaka kulitupa, vidole vikagoma. Mbizi alikuwa amelifumba jicho lake la kushoto. Akatabasamu.

"Nakuona, dada," akanong'ona. "Nakuona kwa chini. Pua yako kubwa kumbe."

Nikalirusha kwenye beseni la kunawia. Daktari aligeuka kuchukua koleo, na alipotazama tena halikuwepo. Palibaki mstari wa ute tu, umeishia kwenye tundu la maji machafu.

Tulirudi nyumbani. Jicho moja linamtosha mtu, tukajifariji. Lakini Mbizi hataki tena kusikia habari za bahari. Anashinda sebuleni, amelifumba lile la kushoto, kichwa kimeinama kama mtu anayechungulia kitu. Ukimuuliza anatazama nini, anasema giza tu, na mabomba.

Jana asubuhi nilikuwa bafuni, mlango nimeufunga kwa komeo, nanawa uso. Sauti yake ikanifikia kutoka sebuleni. Tulivu kabisa.

"Dada, funga bomba. Maji yananiziba, sioni."

Nikafunga. Nikainama kutazama.

Tundu la sinki lilikuwa limezungukwa na ute mweupe. Nimeusugua kwa sabuni, nimeusugua kwa majivu, nimemwaga maji ya moto mpaka nikajiunguza vidole. Leo nimeukuta tena, na umepanda hadi kwenye mswaki wangu.