Mvinyo Baridi wa Kitisuru

"Meza ya watu wawili. Saa saba. Nyeupe."

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Peres Adoyo saa nne asubuhi, akiwa ofisini, ghorofa ya sita, Mtaa wa Kimathi. Aliusoma mara moja, akaufuta.

Maneno saba. Maana yake ni kwamba kuna mtu angeuawa wakati wa chakula cha mchana.

Alivaa koti jeupe la mhudumu. Glock 19 kiunoni. Kifaa cha mawasiliano sikioni. Kipimajoto chembamba kama kalamu mfukoni. Dakika ishirini baadaye alikuwa ndani ya Probox, anapanda kuelekea Kitisuru.

Mbuthia, mkuu wake, alizungumza sikioni.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Si lazima uende wewe."

"Ni lazima."

Miaka miwili nyuma, kwenye hoteli moja katikati ya jiji, Peres alikuwa amevaa koti kama hilo. Mwenzake Lenox alijifanya mnunuzi wa dhahabu ya magendo, akaketi meza moja na Delvaux. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, miaka thelathini Nairobi, na idara yao ya upelelezi iliamini kwamba dhahabu ilipita ndani ya masanduku yake ya chupa. Delvaux alileta chupa yake mwenyewe. Akamwagiza mhudumu aizamishe kwenye barafu.

Peres akaizamisha. Kisha akammiminia Lenox.

"Hii ni maji ya barafu tu," Lenox alimnong'oneza, akitabasamu.

Siku ya tatu alianguka bafuni kwake. Madaktari waliandika kwamba ni moyo.

Makaburini, mjane wake Veronicah alimshika Peres mkono. "Alikunywa nini siku ile?"

"Sijui," Peres alisema.

Tangu hapo Lenox hakumwacha. Alimwona kwenye viti vitupu vya mikahawa, ameinua glasi, anasubiri kumiminiwa.

Aliyefumbua jambo lenyewe alikuwa mzee Ramesh wa Parklands, aliyehudumu mezani miaka arobaini katika hoteli kubwa. Peres alipelekwa kwake mwezi uliopita ajifunze kazi vizuri. Siku moja akamsimulia kuhusu chupa ile.

"Mvinyo gani?" Ramesh aliuliza.

"Mweupe. Wa Bourgogne, Ufaransa. Uliolazwa kwenye pipa la mwaloni."

"Na ukauweka kwenye barafu?"

"Niliambiwa, mzee."

Ramesh aliweka glasi yake chini. "Beti, binti yangu, mvinyo ule hunywewa ukiwa nyuzi kumi na mbili. Hapo ndipo unanukia siagi, karanga za kukaanga, mkate uliochomwa. Ukiugandisha, hunusi kitu. Huyo Delvaux amefundisha nusu ya jiji hili kuonja. Anajua. Alikuwa anaficha harufu ya kitu kilichotiwa ndani."

Peres alitoka nje akampigia Mbuthia simu.

Sasa alikuwa amesimama jikoni kwa Delvaux, mhudumu wa kukodiwa kwa mlo wa watu wawili. Mpishi alikuwa anatia pilipili kwenye mchuzi wa samaki, kijiko baada ya kijiko.

"Zote hizo?" Peres aliuliza.

"Ni mdosi amesema. Hata mimi nashangaa. Siku zote anataka samaki wa siagi na malai."

Barafu ya kuua harufu. Pilipili ya kuua ladha.

Delvaux aliingia na chupa mkononi. Hakumtazama Peres usoni. Hakuwa na mazoea ya kutazama nyuso za wanaomhudumia.

"Ndani ya barafu. Mpaka shingoni. Mimi uniletee divai yangu nyekundu."

"Sawa, bwana."

Akatoka kwenda kumpokea mgeni. Mgeni aliitwa Ngui, rubani aliyeisafirisha dhahabu ile miaka mitano na ambaye Jumatatu angesimama mahakamani kueleza yote. Ngui aliamini hakuna anayejua. Mbuthia hakumwonya. Uso wa rubani usingeweza kuficha woga.

Peres aliichomoa chupa kwenye barafu, akaigusisha kipimajoto.

Nyuzi tatu.

Akaifunga kwa kitambaa kilichotiwa maji moto. Akazungusha kizibuo. Kizibo kilipotoka, alikitazama dirishani. Katikati kulikuwa na tundu dogo, la sindano.

"Kuna tundu," alinong'ona.

"Tundu si ushahidi dhidi yake," Mbuthia alijibu. "Tunamtaka yeye mwenyewe. Kamera ya koti inafanya kazi."

Nyuzi saba. Nyuzi tisa. Kumi na moja.

Alimimina kidogo kwenye glasi, akaizungusha, akanusa.

Siagi. Karanga. Moshi wa mwaloni. Na chini yake kabisa, harufu chungu kama majani ya nyanya yaliyofikichwa kiganjani.

Hiyo ndiyo harufu ambayo Lenox hakuipata.

Barazani meza ilikuwa na viti vitatu. Ngui kwenye kimoja, Delvaux kwenye kingine. Kwenye cha tatu Peres alimwona Lenox, na safari hii hakuyakwepa macho yake.

Alimimina kwenye glasi ya Delvaux.

"Mpe mgeni," Delvaux alisema.

"Mwenyeji ndiye huonja kwanza, bwana."

"Daktari amenikataza mvinyo mweupe."

"Si lazima umeze. Waonjaji hutema." Peres akamwekea bakuli dogo kando ya sahani. "Onja, uteme."

Ngui alicheka. "Onja bwana, tule. Samaki anapoa."

Delvaux hakugusa glasi.

"Basi nusa tu," Peres alisema taratibu. "Nimeutoa kwenye barafu."

Rangi ilimtoka Delvaux usoni. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mhudumu wake.

"Hoteli ile," alisema. "Ulikuwa wewe."

"Ulisema niweke barafu. Nikaweka."

Ngui aliweka uma mezani. Hakuwa anacheka tena.

Mlinzi aliyekuwa mlangoni alipeleka mkono ndani ya jaketi. Glock ya Peres ilikuwa imeshatoka chini ya kitambaa.

"Mkono wazi," Peres alimwambia. "Pole pole."

Mkono ulitoka mtupu.

Vijana wa Mbuthia waliingia kupitia ua wa kayaba, watano, bila kelele. Chupa ilitiwa ndani ya mfuko na kizibo chake. Glasi pia. Delvaux alifungwa pingu akiwa bado kitini, na alipoinuliwa alimwuliza Peres, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, mvinyo ulikuwa nyuzi ngapi.

Peres alikuwa ameshamgeukia Ngui.

Ngui alikuwa ameshika kingo za meza kama mtu aliye kwenye ndege inayoyumba. "Ningeunywa wote," alisema. "Naapa, ningemaliza chupa."

"Najua," Peres alisema.

Mbuthia alifika mwisho, anahema.

"Kazi safi. Twende ofisini uandike ripoti."

"Kesho. Sasa naenda kwa Veronicah."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba alikunywa mvinyo, na aliyemmiminia ni mimi."

"Peres, faili ya Lenox ni siri. Huwezi. Na yule mama atakuchukia."

"Atanichukia kwa jambo la kweli."

Alichomoa kifaa sikioni, akakiweka kwenye kiganja cha mkuu wake. Kisha akavua koti jeupe, akalitundika kwenye kiti cha tatu, na akashuka kwa miguu kuelekea langoni.